Tone la Rangi ya Kucha

Hili lilimpata rafiki yangu, fundi pikipiki, na hadi leo hulisimulia akitazama chini. Pikipiki ya shangazi yake, mkunga, aliifungia usukani mpya wa dukani, si ule wa kiwandani. Kila nati aliyoikaza aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Ndiyo alama yake. Jioni akakumbuka kwamba nati moja hakuikaza wala kuitia alama, naye alikwisha kumwapia shangazi kuwa kazi imekamilika. Akaona haya kumpigia simu.

Asubuhi akaenda mwenyewe, uso umemshuka. "Nimepita kuitazama tu, Shangazi."

"Ndiyo maana nakupenda, mwanangu. Wewe hulipui kazi. Imo stoo."

Stoo haikuwa na dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Alipofika mlangoni alisikia spana ikikaza ndani: krr, krr, krr, taratibu, kama ya mtu asiye na haraka. Aliposukuma mlango, sauti ikakatika. Akawasha tochi ya simu. Hamkuwa na mtu. Akaijaribu ile nati kwa spana yake. Haikusogea hata chembe. Juu yake palikuwa na tone jekundu.

"Kuna kasoro?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Hamna," akajibu.

Kichupa cha rangi alikuwa amekifungia kabatini, gereji. Akaigusa nati kwa kidole. Kidole kikarudi na rangi mbichi.