Dakika Nane Kisimani

Haya yalimpata rafiki yangu Hansa, ambaye kwa miaka thelathini alipiga picha za majengo ya kale na ndege wa nyikani kote Gujarat, India. Kitabu chake cha picha kilikuwa kimebakiza kisima kimoja tu cha ngazi, nje ya mji wa Halvad: jengo la orofa lililochimbwa kwenda chini ardhini, ambamo watu hushuka kwa ngazi hadi kwenye maji.

Alifika saa sita mchana. Mlinzi, mzee Jivraj, akamfungulia lango.

"Dada, humo hata njiwa hawaingii."

"Afadhali, hawatanichafulia kamera."

"Haya. Mimi nipo hapa na chai yangu."

Huko chini, orofa ya tano, jua lilikuwa doa tu. Ili picha itoke, ilibidi kamera iachwe wazi dakika nane. Kwa muda huo, chochote kinachotikisika hutoka kama moshi. Akiwa anangoja gizani, Hansa alisikia bangili zikigongana taratibu, kisha kimya. Akajiambia ni maji, akapiga picha ya pili. Safari hii bangili zililia karibu zaidi. Akabeba vifaa vyake, akapanda bila kugeuka.

"Mzee, kuna mwanamke humo?"

"Ufunguo ninao mimi peke yangu," Jivraj akasema, akaweka kikombe chini.

Kitabu hajakimaliza mpaka leo. Picha zote mbili alinionyesha. Katika ya kwanza, mwanamke ameketi kando ya maji, ametoka wazi hata nyuzi za mtandio wake zinahesabika. Katika ya pili yupo vilevile, wazi vilevile, ila ameketi ngazi nne juu zaidi.