Nyanya Mbeti na Vidonda vya Mdomo

Gatwiri na mumewe Ngatia walipanga chumba kimoja Majengo, mjini Nyeri. Ilikuwa Julai, mwaka wa 1999, na baridi ilikuwa kali. Mtoto wao wa kwanza alikuwa na wiki moja tu. Walimwita Mbeti, jina la mama yake Ngatia.

Jumamosi hiyo nyanya mwenyewe alifika kutoka Kagio na mfuko wa mchele. Alikuwa ametoka kuugua homa. Mdomo wake ulikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka.

"Nipeni Mbeti wangu!" alisema akicheka. Aliinama ili ambusu mtoto.

"Ngoja, mama!"

Aliyesema ni jirani yao Bilan, muuguzi wa wodi ya akina mama. Alikuwa amekuja kumwona mtoto.

"Tafadhali usimbusu. Hivyo vidonda vinaweza kumuua mtoto mchanga."

Ngatia alikunja uso. "Sista, huyu ni mama yangu!"

"Hii ni homa tu inatoka," nyanya alisema. "Niko nayo tangu nikiwa msichana. Ati leo ndiyo itaua mtoto?"

Gatwiri alimwogopa mama mkwe wake. Hata hivyo, alimvuta mtoto kifuani. "Mama, nisamehe. Wacha tumsikize kwanza."

Bilan aliketi. "Mama, hicho ni kirusi. Kiliingia mwilini mwako zamani. Tangu hapo kinalala ndani ya mshipa wa fahamu, hapa karibu na sikio."

"Na nani amekiamsha?"

"Kirusi kimebeba maagizo ya kutengeneza virusi vingine, lakini hakiwezi kuyatumia peke yake. Sasa, ndani ya seli za mwili wako kuna protini wasaidizi. Kazi yao ni kusaidia seli kusoma maagizo ya mwili. Kirusi kina protini yake inayoshikana na wasaidizi hao. Inawavuta kwenye maagizo ya kirusi. Basi seli inaanza kutengeneza virusi."

"Kwa hivyo mwili wangu ndio unakisaidia?"

"Bila kujua. Kirusi kikilala, baadhi ya wasaidizi hao hukaa mbali na maagizo. Mwili ukisumbuliwa, kwa mfano na homa, wanasogea karibu nayo. Watafiti wanafikiri hiyo ndiyo nafasi kirusi hupata."

"Na mtoto?"

"Seli zake zina wasaidizi kama zako. Lakini kinga yake bado ni changa. Kirusi kinaweza kufika kwenye ubongo."

Nyanya alifunika mdomo kwa leso. "Nirudi Kagio?"

"Hapana, kaa. Usimbusu tu. Usiguse vidonda, na unawe kwa sabuni kabla ya kumshika, mpaka ngozi ipone kabisa. Gatwiri, mtoto akipata homa, akikataa kunyonya, au akitoka malengelenge, mkimbize hospitali. Dawa iko."

Ngatia aliweka beseni na sabuni mlangoni. Nyanya alipika uji na kufua nepi. Alimbeba mjukuu akiwa amejifunga leso mdomoni, akimwimbia. Mtoto alinyonya vizuri na kunenepa.

Asubuhi moja Bilan alimtazama nyanya penye mwanga wa dirisha. "Umepona, mama."

Nyanya alinawa mikono hata hivyo. Alimbusu Mbeti mdogo kwenye unyayo, polepole, kisha akamgeukia Gatwiri.

"Siku ile uliniogopa?"

"Sana, mama."

"Na bado ukamvuta mtoto." Nyanya alimshika mkono. "Hivyo ndivyo mama anafanya."