Hodi Kutoka Ndani ya Mashine

Kilichotangulia ni harufu ya ulanzi. Chumba cha kompyuta cha shirika la mbegu na mbolea pale Mbeya, jirani na soko la Mwanjelwa, hakikuwa na dirisha, kiyoyozi chake kiliunguruma kutwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia hata na kikombe cha chai. Sasa pombe ya mianzi ingepitia wapi? Lea alinusa, akakunja uso, akamshuku mlinzi. Ofisini kila kisichoeleweka huwa ni mlinzi. Akaendelea na kazi yake.

Mwaka ulikuwa 1977, na Lea alikuwa na haki ya kujidai kidogo. Mashine ya zamani ya shirika, iliyokuwa Iringa, ilikuwa imekufa na kuuzwa kama chuma chakavu. Hii mpya ilikuja na mfumo wake wa uendeshaji, na mfumo huo haukuelewa hata neno moja la programu ya zamani, ile iliyokipangia kila kijiji mbegu na mbolea yake. Programu yenyewe ilikuwa kwenye kadi za matundu, maboksi kwa maboksi, kazi ya ujana wote wa Lea. Kuiandika upya kungechukua muda mrefu na mvua zilikuwa karibu. Basi akatunga programu nyingine ya kuitangulia, akaiita Mwigaji. Kazi ya Mwigaji ilikuwa kuifanya mashine mpya ijione kuwa ndiyo ile ya Iringa, ihesabu kama ile, ijibu kama ile, mpaka kadi za zamani zidhani ziko nyumbani.

"Yaani dada Lea, unaipandisha mashine pepo wa mwenzake," Verediana alisema akicheka.

Verediana alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, amekulia Tosamaganga, na sasa ndiye aliyezilisha kadi kwenye mashine. Siku ya kumleta Mbeya mama mdogo alimshika Lea mkono, akamwambia, "Nimebaki na huyu tu. Nakukabidhi." Lea akaapa kwamba atamrudisha kama alivyompokea.

Mwigaji alipofanya kazi mara ya kwanza, mashine iligonga. Ko, ko. Ikanyamaza. Ikagonga tena, taratibu, kama mgeni mwenye adabu mlangoni. Lea aliujua mlio huo. Mashine ya Iringa ilikuwa ikigonga vivyo hivyo asubuhi, na mzee Marcelino, aliyeiendesha hadi kufa kwake, hakuujibu hata siku moja. Alikuwa akidondosha ulanzi kidogo sakafuni, akageukia kazi yake. Wakubwa walimhesabu kuwa mlevi tu.

Lakini Verediana alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Akisikia hodi, huitikia.

"Karibu!" alisema, naye Lea akacheka.

Kicheko kilimkatikia mdomoni. Msichana aliinamisha kichwa, akakiinua taratibu, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya zamani, haikuwa ya mwanamke. "Kamwene," ilisalimu kwa Kihehe. "Mmenihamisha bila kuniaga."

Lea aliizima mashine haraka. Verediana akapepesa macho, akauliza wamefika kadi ya ngapi.

Kuanzia hapo, kila programu ilipoendeshwa harufu ilirudi, sauti ilirudi, na Verediana akazidi kupungua. Kwanza alisahau alipoweka kitambaa chake cha kichwa. Halafu akasahau njia ya kurudi nyumbani. Siku Lea alipomwuliza kama amemwandikia mama yake, Verediana alimkodolea macho. "Mama yupi?"

Lea alimfuata mkuu wa ofisi, Bwana Asukile, akamwomba wasimamishe kazi.

"Lea, malori yamepangana pale nje," Asukile alisema, naye hakuwa mtu mbaya. "Wakulima wanangoja. Malizeni hesabu za Usangu, halafu umpeleke mdogo wako akapumzike."

Wakaenda kumalizia hizo za Usangu, na ndipo umeme ulipokatika adhuhuri, kiyoyozi kikanyamaza, taa zikazimika, na katika kile chumba kisicho na dirisha Lea akasimama akipapasa ukuta, akimwita mdogo wake kwa kunong'ona, asijibiwe, huku harufu nzito ya ulanzi ikimpanda puani, na kutoka pembeni akaisikia mashine ya kutobolea kadi ikitoboa, ta, ta, ta, mashine ambayo haiwezi kutoboa bila umeme, ikitoboa haraka kuliko vidole vya mtu yeyote, na alipofika akagusa mkono wa Verediana aliukuta baridi kama chuma, nacho chuma chenyewe, alipoteleza akakishika, kilikuwa na joto, joto la mwili wa mtu.

Kesho yake alimleta mama Kashindye. Huyu alikuwa Msukuma wa wale wafugaji waliohamia Usangu, aliyeleta samli Mwanjelwa, na watu walijua kwamba hakuuza samli peke yake. Alikaa sakafuni mbele ya Verediana, akazungumza naye kwa Kisukuma, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu si wa kwetu. Hanisikii," alinong'ona. "Ni wa hukohuko Iringa mlikomtoa. Mmemchongea kiti hapa, lakini kiti chenu ni cha chuma, hakina pumzi. Nani alimkaribisha?"

"Verediana mwenyewe, mama. Alisikia hodi."

"Basi amekaa kwa aliyemwitikia. Mwanangu, arudishwe kwao kwa heshima. Vyake vyote vikachomwe pale alipokuwa anakaa, na aagwe. Vyote. Kisibaki hata kimoja."

"Na kama kikibaki?"

"Safari hiyo usiniite mimi."

Walisafiri wote watatu hadi Iringa, na maboksi yote ya kadi. Jengo la mashine ya zamani lilikuwa limegeuzwa ghala. Nyuma yake mama Kashindye alimwaga ulanzi, na Lea akaanza kutia kadi motoni. Alilia waziwazi. Alipolitupa boksi la mwisho, na kadi za Mwigaji ndani yake, mama Kashindye alimtazama.

"Ndivyo vyote?"

Mbeya, kwenye kabati la ofisi, ilikuwapo tepu. Mwigaji na programu nzima, nakala ya akiba, kama kila fundi wa kompyuta anavyofundishwa kufanya siku ya kwanza. Lea aliifikiria. Tepu iliyofungiwa, isiyoendeshwa na mtu, itamdhuru nani? Ujana wake wote ulikuwa umebaki mle. Aibu ikamwasha masikio.

"Ndivyo vyote, mama."

Verediana alipiga kite kimoja, akaanguka, akaamka akilia na kumwita mama yake. Mama mdogo alipofika kutoka Tosamaganga alimkumbatia bintiye, kisha akamkumbatia Lea muda mrefu zaidi, akamshukuru mpaka Lea akashindwa kumtazama usoni.

Verediana alipopata nguvu walirudi Mbeya kwa basi moja. Kesho yake asubuhi Verediana alitangulia ofisini. Lea alipitia Mwanjelwa kumpelekea mama Kashindye kitenge cha shukrani, asimkute, akafika ofisini wakati mvua zinaanza kudondoka. Asukile alikuwa barazani, amejaa tabasamu, akimshukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Lea, ndaga! Umetuokoa. Nimeiona tepu yako kabatini. Tumeiendesha asubuhi hii kabla umeme haujakatika, na malori yameondoka. Mdogo wako kaiweka mwenyewe."

Lea alikimbia ndani.

Kiyoyozi kilikuwa kimya, taa zimezimika. Mlango aliouacha wazi ulipitisha mwanga hafifu hadi kwenye mashine, na mashine ilikuwa imelala kabisa, haina hata taa moja inayowaka. Verediana alikuwa ameketi mbele yake, mikono magotini. Kulinuka ulanzi.

"Vere," Lea aliita. "Vere, mdogo wangu. Ni mimi. Mama anakusalimu."

Msichana aligeuka taratibu, akamwangalia kama mtu anavyomwangalia mwenye nyumba aliyempa chumba.

"Kamwene, Lea," ilisema ile sauti nzito. "Safari hii sikubisha hodi. Uliniachia mlango wazi."