Mashine Ilikuwa na Kelele

"Toa mkono kwenye magimbi yangu."

"Yako tangu lini? Yameandikwa jina?"

Hivyo ndivyo Noretta na Apisai walivyoanza kupendana, kwa kugombana, kwenye soko la Ijumaa mjini Cairns, watu wamebanana hadi huwezi kugeuka na kikapu chako. Mezani kwa Mama Yer lilikuwa limebaki fungu moja la magimbi na kila mmoja ameshika upande wake. Noretta, mwanamke wa visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kaskazini kabisa mwa Australia, alivaa gauni pana la maua ya manjano na ua jekundu nyuma ya sikio. Apisai alikuwa Mfiji, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, miguuni kandambili. Alikuwa na wiki moja tu nchini.

"Dada, mimi mgeni. Nihurumie."

"Mgeni hupewa chai, hapewi magimbi. Na usiniite dada huku unaniangalia hivyo."

"Ninakuangaliaje?"

"Kama mtu mwenye njaa."

Mama Yer alichoka nao, akaligawa fungu katikati. "Nendeni mkapike huko, mnaniziba wateja!"

Jumatatu Apisai akaripoti kazini, kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, na nani kapangiwa kumfundisha kazi? Noretta, mikono kiunoni, aproni ya buluu, anacheka mpaka machozi. Alikuwa na miaka minane pale. Alijua kila mashine kwa mlio wake, na mahoteli yote yaliposhindwa kupata mashuka kwa wakati, simu ilipigwa kwake, haikupigwa ofisini.

Mwezi wa pili walikuwa hawawezi kumaliza siku bila simu.

"Umekula?"

"Nimekula, sijashiba. Sijakuona leo."

"Tumeagana saa tisa, we muongo wa Suva!"

"Mimi wa Labasa, kipenzi."

"Basi muongo wa Labasa. Vaa lile shati la buluu kesho, linakupendeza."

Kama hadithi ingeishia hapo ningefurahi. Lakini nafasi ya msimamizi wa zamu ilitangazwa, Noretta akaomba kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akanyimwa. Safari hii nafasi alipewa binti mwenye miezi minne tu kazini, ambaye Noretta mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukunja shuka. Noretta alimfuata meneja, Trent, mbele ya mashine kubwa ya kupigia pasi. Mashine ilikuwa imezimwa isafishwe. Apisai alikuwa amepiga magoti pembeni yake, kitambaa mkononi, hatua tatu tu kutoka walipo.

"Niambie nimepungukiwa nini," alisema Noretta.

Trent hakusita. "Watu wa visiwani ni wazuri kwa kubeba. Ukiwaweka ofisini wanasinzia."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza saa za basi, akaondoka zake.

"Umesikia?" Noretta alimuuliza Apisai.

"Kwa masikio yote mawili."

"Kuna sheria, Apisai. Imebandikwa mpaka chumba cha chai, pembeni ya friji. Mtu hanyimwi kazi kwa asili yake. Nikiwapeleka kwenye Tume ya Haki za Binadamu, utasema ulichosikia?"

"Nitasema, mpenzi wangu. Hata mbele ya jaji."

Alimaanisha. Siku ile alimaanisha kabisa, na mimi simnyimi haki hiyo.

Wiki mbili kabla ya kikao cha Tume, Apisai aliitwa ghorofani. Trent alikuwa na mwanamke kutoka makao makuu, na mezani karatasi imeshachapwa, inasubiri jina tu. Viza ya Apisai ilikuwa imefungwa kwenye kampuni hiyohiyo. Ikimwacha, anapanda ndege kurudi Fiji.

"Viza yako inaisha Agosti, sivyo?" Trent aliuliza. "Sisi ndio tunaoomba ya pili. Kahawa?"

Huko kwao Labasa, nyumba ya mama yake ilikuwa chini ya turubai tangu kimbunga. Karatasi ilikuwa na mistari miwili: *Mashine ilikuwa na kelele. Sikusikia chochote.* Apisai alisaini. Ningekuwa mimi ningefanya nini? Sijui, na sipendi kujua.

Kwa Noretta alisema tu kwamba amekatazwa kutoka kazini siku ya kikao, lakini maelezo yake ameshaandika. Usiku kucha alijipa moyo kwamba karatasi kama zile hufungiwa makabatini, hakuna anayezisoma.

Noretta aliingia kwenye kikao amevaa gauni lile la maua ya manjano. Wakili wa kampuni aliisukuma karatasi mezani mapema kabisa. Noretta aliitambua saini kabla ya kusoma maneno: ile A yenye mkia mrefu, iliyokuwa kwenye kadi ya siku yake ya kuzaliwa, kwenye droo chumbani kwake. Alisoma mara mbili. Mpatanishi wa Tume, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba anaweza kwenda mbele, lakini bila shahidi njia ni ngumu. Noretta alisikia nusu tu. Kabla ya saa sita alikuwa amekubali: aache kazi, apewe fidia kidogo na barua nzuri ya sifa, na mambo ya ndani ya chumba kile asiyaseme tena mpaka anakufa. Watatu tu aliruhusiwa kuwaeleza, wakili wake, mtu wa kodi, na mume, kama yupo.

Hakuwepo.

"Imekuwaje?" Apisai alipiga simu mchana.

"Yameisha."

"Yameisha vipi?"

"Siruhusiwi kusema. Labda kwa wakili, mtu wa kodi, au mume."

"Noretta, ni mimi!"

"Najua ni wewe," alisema, akakata.

Kiwandani wakaanza kusema Noretta kanunuliwa. Apisai, kwa aibu yake mwenyewe, naye akamuuliza kwenye simu, "Wamekupa kitu ukanyamaza?" Mtu akishajichafua hupenda kuona mwenzake naye hayuko safi. Wiki tatu Noretta hakupokea tena simu zake, na wiki tatu hizo Apisai hakulala vizuri. Kitu kimoja tu alitaka kujua: Noretta aliiona ile karatasi, au hakuiona?

Ijumaa ya nne alimkuta sokoni, mezani kwa Mama Yer. Apisai alikuwa amevaa lile shati la buluu. Alitoa kiboksi mfukoni akakifungua katikati ya watu.

"Nataka kukuoa."

Noretta aliitazama pete. Aliitaka, nisifiche. Alimpenda bado, na alijichukia kwa hilo.

"Kwa nini leo?"

"Ili usibebe peke yako, kipenzi. Mume anaruhusiwa, ulisema mwenyewe. Utanieleza yote, nami nitakufariji."

"Yaani unioe ili nikueleze."

"Nikuoe kwa sababu nakupenda."

"Basi sikiliza." Alisogea karibu mpaka ua la sikioni likagusa shavu lake. "Mimi nimefungwa mdomo na karatasi. Wewe hujafungwa na mtu. Anza wewe. Siku ile Trent aliposema yale, ulimsikia?"

Pembeni wauza ndizi walikuwa wakipiga kelele za bei ya mwisho. Apisai alifungua mdomo. Viza mpya ilikuwa imetoka Jumanne, ya miaka miwili. Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa nalo ulimini. Akaogopa, akatafuta dakika moja zaidi ya kufikiri.

"Soko lina kelele, mpenzi," alisema. "Sikusikia."

Noretta hakurudia swali. Alilisukuma fungu zima la magimbi lililokuwa mezani upande wa Apisai.

"Mfungie yote, Mama Yer."

"Na wewe?"

"Nimeshiba."

Akaondoka na kikapu kitupu, gauni la maua ya manjano likapotea kati ya watu. Apisai alibaki na pete mkono mmoja na magimbi mkono wa pili. Alitaka kujua kama Noretta aliiona ile karatasi, na sasa alijua.

"Unalipa au hulipi?" Mama Yer alimuuliza. "Unaniziba wateja."