Kisima Kilichokataa Kujaa

Mvua ilikuwa imewachosha hata bata, lakini asubuhi ile kamba ya ndoo haikufika majini. Sindano aliinama ukingoni mwa kisima, akachungulia. Wateja wake wa cherehani walimpa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Mto ulinguruma nyuma ya mashamba, ua mzima ulikuwa tope, na kisima kilikuwa kimeshuka kuliko wakati wa kiangazi. Kilitoa harufu ya nywele mbichi zilizofungiwa sandukuni. Akaiacha ndoo hapohapo.

"Mama, kisima kimeshuka. Kwa mvua hii, kimeshukaje?"

"Basi tulia ushone," mama mkwe akamjibu. "Ungekuja kuniambia kimepanda, ningeshika mkeka wangu."

Katika nyumba ile hakuhama mtu bila ruhusa ya kisima. Ndani yake kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Maji yakiligusa, watu hubeba vyombo na kupanda shuleni, kule mlimani. Mama mkwe alihama hivyo akiwa bibi harusi, akahama hivyo akiwa na mimba, na hakuwahi kupoteza hata kijiko. Kwa hiyo mwenyekiti alipopita na kipaza sauti akiwataka watu wa bondeni waondoke mapema, bibi huyo alimjibu kutoka dirishani, "Mto ni debe tupu, mwanangu. Sisi tunasikiliza kisima." Majirani wakapanda. Mume wa Sindano, dereva wa lori, alikuwa amekwama ng'ambo ya mto na simu hazikushika. Sindano alitaka kuondoka, lakini hakuwa na moyo wa kumwacha mama wa watu peke yake.

Alasiri kisima kilishusha pumzi. Wote wawili walisikia, pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kubeba mzigo. Kisha maji yote kiliyokuwa kimeyazuia yakatoka kwa mkupuo, yakauangusha mlango, yakaipindua cherehani, na walipokuwa wakipanda ngazi kwenda darini, mto nao ulikuwa umeingia uani. Barabara ya shuleni haikuonekana tena.

"Mama."

Sauti ilitoka chini, chumbani. Ilikuwa sauti ya dereva, mume wa Sindano.

"Mama, shuka. Maji ni ya kifundo tu. Nimekuja kukuchukua."

Sindano alichungulia kupitia tundu la dari. Maji yalikuwa yamefika dirishani, meusi, yametulia kabisa, na juu yake hapakusimama mtu.

"Mwanangu huyo," mama mkwe alinong'ona, na mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi.

"Mama, mwanao amewahi kukuita kwa upole hivyo?"

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi aliteremka, Sindano akamdaka kwapani na kumvuta, na kule chini kitu nacho kikavuta, taratibu, bila haraka, kama mwenye haki yake, na sauti iliendelea kubembeleza kifundo tu mama, kifundo tu, na harufu ya nywele mbichi ikapanda hadi wote wawili wakakohoa, mpaka kandambili ilipochomoka na bibi akaangukia darini. Kwenye kifundo chake palikuwa na alama za vidole, vyembamba na virefu mno.

Hapo ndipo Sindano alipoelewa. Kisima hakikukosea. Mwenyewe aliyemo ndani aliyazuia maji kwa makusudi, ili wao wabaki.

Alichukua kitambaa cha sare za shule alichokuwa amekihifadhi darini, akamfunga mama mkwe kiunoni kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa. "Hatuitiki," alimwambia. "Aite kwa sauti ya nani, hatuitiki."

"Hatuitiki," bibi akakubali, akilia.

Ikaita kwa sauti ya jirani. Ikaita kwa sauti ya marehemu baba mkwe, ikikohoa kikohozi chake. Ikaita kwa sauti ya Sindano mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko zote. Kisha kimya.

Halafu nje, mlio wa boti ya injini, ukakatika karibu kabisa.

"Mke wangu! Mama! Mmo humo?"

Sindano alimziba mama mkwe mdomo kwa nguvu zake zote. Bibi alimng'ata, akatikisa kichwa, machozi yakamlowesha Sindano vidole, naye asimwachie.

"Jamani, kohoeni tu!" Yule wa nje alikuwa akilia na kutukana. "Huyu mama na kisima chake! Nilimwambia! Mara ngapi nilimwambia!"

"Twende, kaka," mwingine akasema. "Watakuwa shuleni. Kuna watu juu ya mti kule, wataanguka."

Kasia likagonga bati la paa mara moja. Kutu ikamwangukia Sindano machoni, ikamwasha, naye akaganda. Yule wa chini hakuwahi kugusa bati. Yule wa chini hakuwahi kutukana.

Alipiga kelele mpaka koo likamchubuka, akalitwanga bati kwa ngumi, lakini injini ilikuwa imeshawaka na mvua ilikuwa imezidi. Boti ikaenda zake.

Mama mkwe, mdomo wake ulipoachiwa, hakumlaumu. "Alikuwa mwanangu," alisema tu.

Maji yakameza kipandio kingine cha ngazi. Sauti ilipozungumza tena, haikuazima ya mtu yeyote. Ilikuwa yake yenyewe, nzito na ya furaha.

"Afadhali ameondoka," ikasema. "Sasa tumebaki sisi wa nyumbani."