Kobe Ndani ya Mkate wa Boga

Nakwambia hivi: kobe aliingia ndani ya mkate wa boga. Kobe mzima, na gamba lake!

Unabisha? Bisha tu! Ukichoka kubisha, sogea hapa usikilize.

Kuna mtoto anaitwa Lugano. Kwao ni Tukuyu, kwenye ukungu na migomba.

Kipupwe kikiingia, Tukuyu ni baridi, brrr! Ndipo kwao Lugano wanaoka mkate wa boga.

Wakishakula, wanasoma hadithi ya kobe. Wote chini ya blanketi moja.

Kila mwaka msomaji alikuwa Mama. Mwaka huu Lugano akasema, "Mama, sasa najua kusoma. Nisome mimi?"

"Haya, soma wewe," Mama akasema. Lugano akavimba kwa furaha, kama andazi kwenye mafuta.

Boga lilishachemshwa, laini, la njano. Bibi akashika mwiko.

Ambakisye, kaka yake Lugano, akakaa juu ya gunia la viazi na kofia yake ya sufu. Kazi yake? Kucheka watu.

Lugano akafungua kitabu cha mkate. "Ponda boga. Tia unga."

*Koroga, koroga, puchu, puchu!*
*"Soma, Lugano! Kitabu kinasemaje?"*

"Tia sukari. Tia iliki."

*Koroga, koroga, puchu, puchu!*
*"Soma, Lugano! Kitabu kinasemaje?"*

Lugano akafunua ukurasa. Akatazama. Akatazama tena.

"Kobe… akavaa… kofia."

Mwiko wa Bibi ukasimama.

"Kobe?" Mama akauliza. "Kobe anatafuta nini kwenye mkate?"

"Sijui, Mama. Ndivyo kilivyoandikwa!"

"Kama kimeandikwa, kimeandikwa," Bibi akasema. Akamvua Ambakisye kofia yake, akaivaa yeye.

*Koroga, koroga, puchu, puchu!*
*"Soma, Lugano! Kitabu kinasemaje?"*

"Tia mayai mawili."

Aaa, afadhali! Ko! Ko! Mayai yakaingia.

Lugano akafunua ukurasa. Macho yakamtoka.

"Kobe akapanda juu ya boga, akaimba."

"Apande boga lipi?" Mama akashika kichwa. "Si tumeshalipondaponda?"

Bibi akafikiri kidogo. Kisha akaimba, "Laaa, la, laaa!"

"Hee, Bibi naye!" Ambakisye akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gunia. "Lugano, wewe hujui kusoma! Unajitungia tu!"

"Najua!"

"Hujui!"

"Najua! Ndivyo kilivyoandikwa!"

Lugano akafunua ukurasa mwingine, upesi upesi. "Kobe akajikunja ndani ya gamba, akalala. Usiku mwema."

"Usiku mwema?" Mama akauliza. "Mkate wenyewe haujaiva, unalala vipi?"

Makaa yakaanza kufifia. Mkate mbichi ukakaa kwenye bakuli, kimya, unasubiri.

Lugano akaanza kuwaza. Labda Ambakisye anasema kweli. Labda hajui kusoma hata kidogo.

Akajifunika uso kwa kitabu, ili alie vizuri.

Fff. Pua yake ikanusa kitu.

Iliki!

Akafunua ukurasa mwingine. Fff, fff. Huu haukuwa na iliki. Huu ulinuka… blanketi!

"Mama! Bibi! Nuseni!" Lugano akaruka. "Kurasa hizi zinanukia iliki. Ni za mkate! Na hizi zinanuka blanketi letu. Ni za kobe!"

Mama akakigeuza kitabu. Akaona uzi mnene. "Haa! Nani kashona vitabu viwili vikawa kimoja?"

Ambakisye akaangalia paa, kana kwamba hajawahi kuliona.

"Kwa hiyo nilisoma sawasawa?" Lugano akauliza.

"Neno kwa neno, mwanangu," Mama akasema.

Lugano akafuta machozi. Akanusa, fff, iliki! Akasoma kwa sauti kubwa: "Mimina kwenye sufuria. Funika. Weka makaa chini, weka makaa juu!"

Mama akachochea makaa. Fuuu, fuuu! Mkate ukapanda. Ukapanda. Harufu ikatoka mpaka nje kwenye ukungu.

Wakaula wa moto, wakipuliza vidole. Bibi bado amevaa kofia.

Kisha wote wakaingia chini ya blanketi. Lugano akanusa, fff, blanketi! Akasoma kurasa za kobe tu.

Kobe akavaa kofia. Kobe akapanda juu ya boga, akaimba. Kobe akajikunja ndani ya gamba, akalala.

Safari hii hakuna aliyeshangaa.

Mwisho?

Hapana. Kuna kipande nilikiruka.

Vile vitabu viwili vilichakaa kwa kusomwa. Kurasa zikamwagika sakafuni, za mkate na za kobe, zote pamoja.

Mtu mmoja akachukua sindano ya kushonea magunia. Akiwa peke yake, akajisemea: "Hii kazi yangu! Mimi ndiye fundi!" Akaangalia picha tu. Boga hapa, boga pale, akashona.

Hakusoma hata neno moja. Aliacha shule mapema, na kusoma kunamtoa jasho. Halafu akamcheka Lugano kuwa hajui kusoma!

Mtu huyo hukaa juu ya gunia la viazi. Kofia yake bado anayo Bibi.

Ndiyo. Ambakisye ni mimi.

Nilimnong'oneza Lugano palepale chini ya blanketi. "Ni mimi niliyeshona. Wewe unajua kusoma. Mimi ndiye sijui vizuri."

Nikangoja anicheke.

Lugano akanisogezea kitabu. "Lala sasa, kaka. Kesho nitakufundisha. Tutaanza na ukurasa unaonukia iliki."