Uzi wa Tenri

Kofia ya Tenri, iliyombana juma lililopita, asubuhi ile ilimfunika macho. Rannu aliivuta juu akicheka, kisha kicheko kikakatika. Miguu ya mwanawe, iliyokuwa ikigusa ukingo wa bembea yake ya kulalia, sasa iliishia katikati.

Alishuka ngazi. Chini, kati ya nguzo zilizoinua nyumba, mumewe Sitaba alikuwa akilinganisha chatu wake wawili wadogo. Jike wa kisiwa cha Kalatoa hakufika pima moja na alimrukia kila mtu. Dume wa hapa kisiwani Jampea alimzidi kwa nusu pima, naye alilala begani kama taulo.

"Huyu wa Kalatoa ni wewe mtupu," Sitaba alimtania. "Mfupi, na hasira juu."

"Na huyo goigoi ni wewe, Daeng," Rannu alijibu, akimwita kwa jina la heshima la mume. "Kula, kulala."

"Na kukua. Tangu juzi kaongeza shibiri mbili."

"Umempima na nini?"

Sitaba alionyesha uzi mwekundu. Ndio uzi ambao sanro Halija, mganga aliyemzalisha Rannu, alimpimia Tenri alipozaliwa, akaufunga kwenye bembea.

"Kamba ya kupimia sikuiona," alisema kwa sauti ndogo.

Rannu hakumgombeza. Huyu ndiye aliyemkanda mgongo siku arobaini za uzazi. Alimtuma tu amlete sanro.

Halija alifika amelowa mvua, ndala mguu mmoja. Alipanda kumtazama mtoto, akashuka, akanong'ona: "Mmempa jini aliyemo ndani ya chatu kipimo cha mtoto. Akirefuka, mwenye kipimo anapungua. Na msimkate huyo chatu. Jeraha lake litamfikia mtu aliyepimwa mwisho kwa uzi huo."

Ndani ya sanduku la mbao, ambamo Sitaba aliwarudisha chatu wake, kukasikika sauti ya kunyonya. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda. Kisha mbao zikapasuka, na yule dume mpole akatoka mnene kama nguzo, akamzunguka Halija kifuani na kumminya hadi mbavu zikalia kama kuni kavu, akamwacha, akapanda ngazi mbio kuelekea bembea, na Sitaba, asiyeweza kumtazama mwanawe akimezwa, akamfuata na kumshushia panga mgongoni, na damu ikachirizika kwenye paja la Tenri.

"Acha, Daeng," Rannu alipaza sauti, akipanda nyuma yao.

Chatu akaizunguka bembea, kinywa wazi. Rannu akampokonya Sitaba uzi, akaunyoosha kutoka utosini mwake, mara tatu, hadi kisigino, akaufunga shingoni mwake.

"Nimepimwa mimi. Sasa kata."

"Rannu, siwezi."

"Kata, baba Tenri."

Sitaba alikiacha kichwa cha chatu, akatafuta pa kumwumiza mkewe kidogo zaidi. Alikata mkia. Vidole vitatu vya mguu wa Rannu vikaruka sakafuni. Alikata tena, analia, na kisigino kikaenda. Chatu akaachia, akapenya kati ya mianzi ya sakafu, akapotelea kichakani.

Halija, akihema kwa taabu, alijiburuta ngazini hadi kwa Rannu akamfunga mguu kwa mtandio wake mwenyewe.

Siku ya saba Tenri aligusa tena ukingo wa bembea. Rannu alisimama kwa mkongojo kumtazama, na saruni yake, iliyomfika kifundoni juma lililopita, ikaburuta sakafuni shibiri nzima. Sitaba aliona. Alichukua sindano, akapiga magoti, akaanza kuikunja upindo.